Umri wa ndoa, mimba shuleni na ardhi ya ukoo: Sheria za wanawake Tanzania hubadilikaje?

Mwanamume anayemwoa mwanafunzi wa kidato cha pili nchini Tanzania anaweza kufungwa miaka 30. Mzazi au jamaa aliyesaidia kuipanga ndoa hiyo naye ana kosa. Ndivyo isemavyo Sheria ya Elimu tangu iliporekebishwa mwaka 2016. Lakini jirani wa mwanafunzi huyo, msichana wa umri uleule aliyeishia darasa la saba na sasa yuko nyumbani akisaidia shambani, yuko katika hali tofauti kabisa. Kwa maandishi ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, huyo anaweza kuozwa akiwa na miaka 15, mradi baba yake ameridhia.

Kwa hiyo kinachomkinga msichana ni sare ya shule kuliko umri wake. Akiivua, kinga imekwisha. Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, na kwa nini hayabadiliki haraka hata pale mahakama inaposema yabadilike, inabidi kufuata njia ambazo sheria na sera hupitia: mahakama, Bunge, waraka wa wizara, baraza la kijiji na bajeti ya halmashauri.

Katika taarifa za habari kazi ya kuzisukuma sheria na sera hizo huitwa utetezi, ushawishi, au neno lililozoeleka zaidi katika asasi za kiraia Tanzania, uchechemuzi. Maana yake ni kuwafanya wenye mamlaka ya kuandika kanuni waiandike upya. Msaada wa kumlipia msichana mmoja karo ni jambo jema, lakini si uchechemuzi. Uchechemuzi ni kudai kwamba karo yenyewe ifutwe kwa wote.

Sheria ya 1971 haikuwa mbaya yote

Watu wengi wanaoisikia Sheria ya Ndoa ikitajwa siku hizi huisikia kwa sababu ya umri wa kuolewa tu. Ni vizuri kukumbuka kwamba ilipotungwa ilikuwa miongoni mwa sheria za ndoa zilizopiga hatua kubwa barani Afrika. Serikali ilitanguliza mapendekezo yake kwa umma mwaka 1969, yakajadiliwa nchi nzima, na mwaka 1971 Bunge likaunganisha ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja kwa Tanzania Bara. Zanzibar ilibaki na utaratibu wake.

Sheria hiyo inasema mke aliyeolewa ana haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali yake. Inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Inakataza mwenzi kumpiga mwenzake. Na katika kifungu cha 114 inaiagiza mahakama, wakati wa talaka, igawanye mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi.

Tatizo liko katika vifungu viwili. Kifungu cha 13 kinaweka umri wa chini wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa mwanamke miaka 15, na kinairuhusu mahakama kukubali hata miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema msichana aliye chini ya miaka 18 ataolewa kwa ridhaa ya baba, na kama baba amefariki, ya mama, au ya mlezi. Kwa mvulana ridhaa ya namna hiyo haihitajiki, kwa kuwa kwa kawaida haruhusiwi kuoa akiwa mtoto.

Vifungu hivyo havikubaki ndani ya Sheria ya Ndoa peke yake. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyosema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali. Lakini sheria hiyo ikaacha tundu: isipokuwa kama ni mke wake na ametimiza miaka 15. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, ikasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, wala haikugusa ndoa. Matokeo yake mtu mmoja anaweza kuwa mtoto katika kitabu kimoja cha sheria na mke katika kingine.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa 2015–16. Miongoni mwa wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 31 walikuwa wameolewa au wanaishi na mwanamume kabla ya kutimiza miaka 18.

Kesi ya 2016 na kalamu ya Bunge

Mwaka 2016 mwanasheria kijana Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa asasi ya Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja yake ilikuwa fupi: vifungu vya 13 na 17 vinamtendea msichana tofauti na mvulana, na Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi. Tarehe 8 Julai 2016 majaji watatu walikubaliana naye. Walisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, wakaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe miaka 18 kwa wote.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mahakama ikisema kifungu kinapingana na Katiba, kwa nini kisifutike siku hiyohiyo? Jibu liko katika ibara ya 30 ya Katiba yenyewe. Inairuhusu mahakama, badala ya kuibatilisha sheria, kuipa serikali muda wa kurekebisha kasoro, na katika muda huo sheria huhesabiwa kuwa halali. Wazo ni kuepuka pengo la ghafla. Lakini wazo hilo linategemea kwamba serikali itautumia muda huo kufanya kilichoagizwa.

Serikali ilikata rufaa. Iliieleza Mahakama ya Rufani kwamba tofauti ya umri iliwekwa kwa kuzingatia mila na dini za Watanzania. Tarehe 23 Oktoba 2019 rufaa ilitupwa. Mahakama ya Rufani ndiyo ya juu kabisa nchini, hivyo kwa upande wa mahakama mjadala ulifungwa siku hiyo. Isitoshe, Tanzania iliridhia Mkataba wa Maputo mwaka 2007, na mkataba huo unataja miaka 18 bila kumung'unya maneno.

Baada ya hapo jambo lilihamia kwa mwenye kalamu, yaani Bunge, na likakwama. Serikali imekuwa ikieleza kwamba inahitaji kukusanya maoni zaidi ya wananchi, viongozi wa dini na wa kimila. Miaka mitano baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufani, mwaka 2024, Bunge lilikuwa bado halijabadilisha umri huo. Kwa maoni yangu sababu ya maoni ya wananchi haina uzito ule iliokuwa nao mwaka 1969. Wakati ule nchi ilikuwa inaamua kama itunge sheria. Safari hii uamuzi umeshatolewa, na kilichobaki ni utekelezaji.

Kuna jambo lingine lisilotajwa sana. Gyumi hakuwa ameozwa akiwa mtoto. Alifungua kesi kwa niaba ya maslahi ya umma, na ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria inayosimamia kesi za haki za msingi, ikataka mlalamikaji aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Msichana wa miaka 15 aliyekwisha kuozwa kijijini, asiye na nauli wala wakili, ndiye ambaye kwa marekebisho hayo angetakiwa asimame mwenyewe. Chini ya marekebisho hayo kesi kama ile ya 2016 ingekuwa ngumu zaidi hata kuanza kusikilizwa.

Mimba na mlango wa shule

Suala la wanafunzi wajawazito lilikwenda njia nyingine. Hapakuwa na sheria iliyosema waziwazi kwamba mwanafunzi mjamzito afukuzwe. Kulikuwa na kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zilizoruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyefanya kosa dhidi ya maadili au aliyeingia katika ndoa. Wakuu wa shule na bodi waliisoma mimba kuwa kosa la maadili. Baadhi ya shule zilipima wasichana mimba mara kwa mara, bila hiari yao. Mvulana aliyehusika hapimiki.

Juni 2017, akiwa Chalinze mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Kilichokuwa desturi ya shule kikawa msimamo wa nchi. Waliobaki nje waliambiwa waende kwenye mafunzo ya ufundi au vyuo vya maendeleo ya wananchi.

Uchechemuzi wa kipindi hicho ulipita hata nje ya mipaka. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilisimamisha mkopo wa elimu wa dola milioni 300. Mkopo mwingine, wa dola milioni 500, uliidhinishwa Machi 2020, baadhi ya wanaharakati wakiwa wameomba hadharani usitolewe kwanza. Suala hilo liligawa maoni hata miongoni mwa watetezi wenyewe, na ni rahisi kuona kwa nini: fedha za madarasa zikizuiliwa, anayekosa dawati ni msichana yuleyule unayemtetea. Nayo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, pamoja na kituo cha kimataifa cha haki za uzazi, vilipeleka malalamiko mwaka 2019 kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto.

Tarehe 24 Novemba 2021, miezi minane baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuapishwa, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu yoyote, ikiwemo mimba, wanaruhusiwa kurudi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaweka muda wa kurudi kuwa usiozidi miaka miwili. Mwaka uliofuata kamati ile ya Afrika ilitoa uamuzi kwamba kuwafukuza na kuwapima kwa nguvu kulivunja haki za watoto, ikaitaka Tanzania iziondoe kanuni zilizotumika.

Tofauti kati ya waraka na sheria si ya makaratasi tu. Waraka hutolewa na wizara na unaweza kufutwa kwa waraka mwingine, bila Bunge kujadili chochote. Tamko la 2017 halikuhitaji muswada, na la 2021 halikuhitaji pia. Kenya ilikuwa na mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994, na huko pia watetezi wamelalamika kwa miaka kwamba mwongozo bila nguvu ya sheria hutegemea moyo wa mwalimu mkuu.

Yapo pia yale ambayo hakuna waraka unaoyamaliza: nani atalea mtoto mchanga saa za masomo, nani atalipia maziwa, msichana ataketi darasa gani na wadogo zake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 27 ya utafiti uliotangulia, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano.

Mapishi, jembe na nyumba

Katika mali, ushindi mkubwa wa kwanza ulipatikana mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Swali lilikuwa hili: mke ambaye hakuajiriwa, akapika, akafua na kulea, je, amechangia nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ameshapewa fedha za biashara na akazitumia ovyo. Wanawake wanaotalikiana Tanzania leo wanaitegemea kesi ambayo mwenye jina lake aliishindwa.

Miaka michache baadaye, shamba moja wilayani Muleba, mkoani Kagera, lilizua kesi nyingine. Mwanamke aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akapinga, akisema kwa mila za Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimuunga mkono mpwa. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, akasema mila hiyo inapingana na Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Tangu hapo, alisema, wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza.

Hukumu ya jaji mmoja haimfikii kila mwenyekiti wa kijiji. Ndiyo maana serikali ilipoanza kuandika upya sheria za ardhi katika miaka ya 1990, asasi za wanawake ziliungana. TAMWA ya waandishi wa habari wanawake, iliyoanzishwa 1987, chama cha wanasheria wanawake TAWLA, mtandao wa jinsia TGNP wa mwaka 1993 na wenzao waliunda kikosi cha pamoja mwaka 1997 kufuatilia miswada kifungu kwa kifungu. Walichovuna kinaonekana katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001. Inasema mwanamke ana haki ya kupata na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Inasema mila inayomnyima mwanamke haki hiyo ni batili. Na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake.

Hilo la mwisho halionekani kuwa kubwa, lakini nadhani lina uzito kuliko mengine. Mgogoro wa mpaka wa shamba huanzia kwenye baraza hilo, chini ya mwembe au katika ofisi ya kijiji, kabla haujafika kwa hakimu yeyote. Na mjane akija kuzungumza mbele ya wanaume watupu, mara nyingi hazungumzi.

Mirathi ndiko sheria za 1999 zilikoishia. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 bado linapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu lake. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili washonaji nguo walifukuzwa na wakwe zao kwenye nyumba zao baada ya kufiwa, wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini ikasema haiwezi kubadili mila za makabila kwa hukumu. Rufaa ilikaa miaka minne, kisha ikatupwa kwa kasoro ya kiutaratibu katika hati. Wakapeleka shauri kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 2015 kamati ilisema haki zao zilivunjwa, ikaitaka serikali iwalipe fidia na kubadili sheria za mirathi. Jedwali la 1963 halijafutwa.

Asilimia nne

Kwa upande wa kipato, chombo kinachoguswa na wanawake wengi zaidi ni mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulikuwepo kwa muda mrefu kama agizo, na halmashauri nyingi hazikuutekeleza. Mwaka 2018 uliingizwa katika sheria. Aprili 2023 serikali iliusimamisha kwa sababu ya kasoro za usimamizi, zikiwemo fedha zisizorejeshwa, na ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Anayetaka kujua kama halmashauri yake inatenga fedha hizo ana mahali pa kuanzia. Diwani wa kata hupitisha bajeti hiyo, na ofisa maendeleo ya jamii ndiye anayepokea maombi ya vikundi. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa, na mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Mwenye kesi ya mirathi, talaka au ardhi na asiye na uwezo wa wakili anaweza kuwaona watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wao wapo katika wilaya nyingi. Jijini Dar es Salaam, TGNP huendesha semina za wazi kila Jumatano katika ofisi zake za Mabibo, ambako wanawake kutoka mitaani hukaa na nakala za bajeti ya taifa wakitafuta ni kiasi gani kimekwenda kwenye maji, zahanati na shule.